Ni Zawadi, Si Malipo

Jumatatu, 3 Februari
Bosi wangu, Bwana Thornquist, kaniita. Mimi ndiye afisa ujirani wa chuo kikuu, wa kuelewana na wakazi wa mji. Jiji linataka tusaidie kukiendesha kituo cha zimamoto cha Mtaa wa Wickett, la sivyo kitafungwa. Chuo hakitozwi kodi ya majengo, na nusu ya mji ni majengo yetu. Bosi kasema tukitoa chochote, hiyo ni zawadi, maana malipo ni kukiri deni. Nikitamka tena neno "malipo" mbele ya watu, nitafute kazi kwingine.

Wazo likanijia hapohapo. Pesa za nini? Tutoe wanafunzi! Waondoe theluji mitaani, na huo ndio uwe mchango wetu. Bosi akaitazama ile ofisi tupu yenye dirisha ninayoililia mwaka mzima, kisha akanitazama mimi.

Tatizo dogo: naishi Mtaa wa Wickett.

Alhamisi, 6 Februari
Jirani yangu, Mama Furtado, kaniletea supu ya mboga na soseji. Mwanawe Anselmo ni mzimamoto hapo kituoni. Akaniuliza, "Mwanangu, mtatoa au hamtoi?" Nikamjibu kwamba chuo kinatafakari kwa moyo wa ujirani. Akasema hakuniuliza habari za moyo. Supu tamu kweli. Niliimaliza yote, nikiona aibu.

Jumamosi, 8 Februari
Theluji hadi magotini. Wanafunzi wamekuja na masepetu, wanaimba. Nikajiona mfalme, nikaenda kununua kahawa.

Sikukumbuka kwamba hawa ni watoto wa Florida na California, wa kwenye joto. Huku kwetu ukishafukua mahali pa gari lako, unaweka kiti cha jikoni au chombo chochote, na hapo ni pako mpaka theluji iyeyuke. Kiti cha mtu hakiguswi. Wao wakaona takataka. Wamezoa viti vya mtaa mzima, wakavipeleka jalalani! Na changu kimo.

Nikarudi, sina pa kuegesha. Nikaona nafasi imefukuliwa vizuri, nikaingia. Kumbe ni ya Mama Furtado, aliyeamka alfajiri kuifukua na mgongo wake ule mbovu. Kiti chake kilikuwa cha marehemu mumewe. Aliporudi alisimamisha gari katikati ya barabara, akanitazama tu. Hata honi hakupiga. Nilitamani ardhi inimeze. Gari sikuliondoa, ningelipeleka wapi?

Jumatatu, 10 Februari
Kikao cha baraza la jiji. Watu wa mtaa wetu wamekuja wote na wamekataa kuketi. Mzee mmoja kasema wao wamezoea kusimama siku hizi, viti vyao vimeenda chuo kikuu. Ukumbi mzima ukacheka. Diwani akauliza wazo lilikuwa la nani. Bwana Thornquist akaninyooshea kidole, kisha akasema kwa kuwa wema wetu umepokelewa vibaya, zawadi hakuna. Kituo kitafungwa Juni. Anselmo alikuwa nyuma, kofia mkononi. Nikauficha uso kwenye skafu.

Nikaenda jalalani, nikachakura mpaka nikakipata kiti cha Mama Furtado, mguu mmoja umevunjika. Nikampelekea. Akakifuta kwa aproni, akaniuliza, "Haya, hiki ni malipo au ni zawadi?"

Nikamwambia ni zawadi. Mazoea ya kazi! Akafunga mlango polepole. Nimekaa kwenye ngazi zake, nikalia.

Jumanne, 11 Februari
Asubuhi. Sijalala kwa aibu. Nimejipalia makaa mwenyewe. Naapa sitabuni tena kitu maishani mwangu.

Jioni. Ila nimewaza. Kituo kikifungwa, nani atazima moto? Wanafunzi! Kwa hiari yao, na ndoo. Jiji litashukuru, Mama Furtado atanisamehe. Nimemweleza bosi, naye kaitazama tena ile ofisi yenye dirisha. Kesho tunaanza mazoezi mtaani kwetu.

Ndoo zilikuwa hazitoshi. Bahati nzuri, mtu kaacha mbili nzima kabisa barabarani, pale kwenye nafasi ya gari niliyomrudishia Mama Furtado. Nimezichukua.