Ombi la Mvua Isiyogusa Koneka Yangu

Kibomet, Kitale

Kwa Mchungaji Kizito, Naitiri

Mpendwa Mchungaji,

Bwana asifiwe sana. Hamjambo huko? Mgongo wako unaendeleaje, na mama mchungaji je? Sisi tu wazima kwa neema, ila kuna jambo limenikaa kooni, nikaona nikuandikie kwa upole kabla halijawa dhambi.

Ni kuhusu yale maombi ya mvua ambayo kanisa lako lilifanya mwezi jana. Mungu alijibu. Sasa sikiliza malalamiko yangu.

1. Mliomba bila kutaja mipaka. Mvua ya Naitiri imefika Kibomet, ikapanda mlingoti wa ile redio yangu ya kuzungumzia na watu wa mbali, ikaingia kwenye koneka. Koneka ni pale waya unaposhikana na antena, huko juu nje. Maji yakiingia hapo, shaba inaota kutu ya kijani na sauti inafia njiani.

2. Usidhani nilikaa tu. Nilizungusha tepu nyeusi ya stima, mizunguko ishirini na miwili, nimehesabu. Juu yake nikavalisha mfuko wa maziwa, nikaukaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Sisimizi asingeingia. Mvua yenu iliingia. Maji hayo si ya kawaida, Mchungaji; yametumwa.

3. Hili ndilo linaloniuma. Unamjua Barasa, mshirika wako, aliyelala kitandani tangu miguu ikatae. Miaka sita tumesoma Zaburi pamoja redioni kila saa kumi na mbili jioni, leseni tunazo sote wawili. Simu anayo, ila husema simu ni ya habari za matanga, redio ni ya rafiki. Sasa wiki tatu ananisikia nikikwaruza tu kama kuku kwenye majani makavu. Juzi alimwambia bintiye Nelima anipigie: "Baba anauliza, kama umemchoka si useme tu?" Sahani ya githeri nikaisukuma kando.

4. Twende kwa Maandiko. Gideoni aliomba ardhi yote ilowe na ngozi yake ya kondoo ibaki kavu, ikawa hivyo. Kama Mungu alikinga ngozi nzima, koneka yangu isiyozidi kidole ni kitu gani? Mke wangu Nduta anasema, "Baba Ciru, ati Mungu azunguke mlingoti wako?" Ndiyo. Alimzungukia Gideoni, na Gideoni hakuwa hata na leseni.

5. Kwa hivyo kanisa lirudi magotini, lifanye masahihisho: mvua inyeshee mahindi yote ya Trans-Nzoia na Bungoma, isipokuwa hapo. Mzee mmoja ataje kwa sauti: Kibomet, futi thelathini kutoka chini, upande unaoangalia Mlima Elgon. Mkishindwa, basi msiombe mvua tena mpaka Barasa apone. Njaa tutaivumilia kwa ushirika.

Nisalimie wazee wa kanisa, akina mama wa Alhamisi na kwaya yote, hata wale wa sauti ya nne wanaochelewa.

Wako katika Kristo,
Festus Mathenge

N.B. Bahasha ilikuwa bado haijafungwa Nduta akaisoma barua, akachukua ngazi, akapanda mwenyewe. Kumbe tepu niliizungusha kutoka juu nikishuka. Kila mzunguko ukaacha mdomo wazi juu, unakunywa mvua, na ule mfuko niliokaza chini ukayazuia maji yasitoke. "Hata mabati hupangwa kuanzia chini, Baba Ciru," akasema, "la juu lilalie la chini. Ungeezeka wewe, tungelala na mwavuli." Nimetia koneka mpya, naye akazungusha tepu kutoka chini akipanda. Mvua imenyesha alasiri yote, na Barasa amenisikia mpaka nikikohoa. Alilia, nami nikalia. Lakini aliponiuliza nilikuwa wapi wiki tatu, aibu ikanishika, ulimi ukateleza, nikasema ni maombi yenu yaliyotutenganisha. Amesema ukienda kumpa Meza ya Bwana atakuuliza vizuri. Barua nyingine siwezi, karatasi imeisha na huyo Gideoni amenichosha kumwandika. Tafadhali mwambie ukweli wewe, kisha unijibu upesi.