Nyoka, Mkeka wa Umeme na Goti Langu

Jumatatu, 3 Juni
Mjukuu wangu kaenda mafunzoni. Kaniachia nyoka. Nyoka! Kwenye sanduku la kioo, kando ya redio yangu. Eti hana sumu. Mbona ulimi unamtoka?

Taa yake ya joto imeungua. Binti huyo analia kwenye simu: Bibi, juzi kala panya, akipata baridi panya atamwozea tumboni, atakufa. Nikamwambia afute kamasi. Nimelea watoto saba na vifaranga bila hesabu, joto nalijua.

Wifi yangu alikuwepo. Akacheka mpaka meno ya bandia yakamcheza. Eti nitazimia kabla ya Ijumaa. Tutaona!

Jumanne, 4 Juni
Duka la wanyama. Muuzaji, kipara, maneno mengi. Kuna taa ya juu, kuna mkeka wa umeme wa kulaza chini ya sanduku. Kasema nichukue mkeka, na upande mmoja ubaki baridi ili nyoka achague. Achague! Mimi hata mume sikuchagua.

Nimechukua mkeka. Nyumbani nikaujaribu kwanza kwenye goti langu bovu. Loo! Miaka kumi dawa za kuchua, kumbe tiba iko kwa nyoka.

Basi nyoka apewe taa yangu ya mezani. Inatosha. Nilisukuma kifuniko kwa mpini wa ufagio, upenyo mdogo tu, mwanga upite.

Alhamisi, 6 Juni
Sanduku tupu.
Tupu!
Naandika miguu ikiwa juu ya kiti. Kila kamba ya kiatu naiona ina macho. Nitamwambia nini mjukuu? Kalea kile kidudu tangu kikiwa kama uzi.

Wifi kaja kuchungulia. Nimefunika sanduku kwa shuka, nikamwambia amelala, asipige kelele. Kaniuliza mbona nimepanda kiti. Nikasema nafuta buibui.

Ijumaa, 7 Juni
Sikulala. Mchana usingizi ukanishinda kitini, mkeka gotini, blanketi juu. Nikaota marehemu mume wangu kaniegemea. Mzito, kama kawaida yake.
Nikafumbua macho. Si marehemu.
Kajikunja gotini, kashiba joto, kichwa juu ya mkono wangu! Jasho likanitoka hadi kwenye nyayo.

Wifi akaingia bila hodi. Akaona. Akaanguka puu!
Nikasahau kuogopa, kwa raha. Nikambeba nyoka ndani ya blanketi, nikamtumbukiza sandukuni, nikafunika, nikapandisha redio juu. Kisha ndipo nikammwagia wifi maji. Mengi.

Jumapili, 9 Juni
Mjukuu karudi. Nyoka mzima. Kanikumbatia, kaniita bibi shujaa. Wifi kanuna.
Binti kalaza mkeka chini ya sanduku, kaniapisha nisiuguse tena. Nimeapa.

Goti linauma. Binti kaingia kuoga, na huwa anakawia. Nauazima mara moja tu. Nyoka ananitazama. Nimemwambia naye akome umbea.