Mashine ya Mapokezi Haiamki

Ijumaa, 6 Novemba 1987
Leo nimejihakikishia kazi. Hii kompyuta mpya ya hoteli yetu hapa Malindi haiamki bila ile diski yake nyembamba, na majina ya wageni wote yamo humo humo. Basi nimeitia mfukoni nikaenda nayo nyumbani. Sababu ni Mumbua, mpiga taipu wetu kutoka Machakos. Siku hizi kila saa ya chakula anasoma kitabu cha mashine. Mtu wa taipureta ana haja gani na kitabu kile? Aliyepelekwa Mombasa kusomea kompyuta ni mimi. Kozi ilikuwa ya siku tano. Nilihudhuria mbili, lakini zilikuwa zile muhimu. Diski nimeiweka juu ya spika ya redio, wasikofika watoto wa dada yangu Harusi.

Jumatatu, 9 Novemba
Nimewasha mashine. Imenguruma, ikakwaruza, ikaandika kwamba diski haisomeki, nitie nyingine. Nimezima, nimewasha. Yale yale. Mara kumi na moja. Meneja, Bwana Kamande, amekuja kuuliza. Nimemwambia ni chumvi ya bahari. Akataka kujua mbona wiki jana chumvi haikuwapo. Nikamweleza kwamba hujikusanya. Keshokutwa wanashuka Wajerumani arobaini na watatu, na hakuna ajuaye nani kapewa chumba gani. Daftari la zamani nililitupa mwenyewe mwezi wa tisa, kwa hotuba fupi.

Jumanne, 10 Novemba
Nimeifuta diski kwa pamba na marashi ya Harusi. Sasa mashine inanukia vizuri, ila haiamki. Nimeipepea. Nimeipiga kofi ubavuni. Kamande ameniita ofisini, akafunga mlango. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Amesema wageni wakikosa vyumba, atakayefukuzwa ni yeye, na ana watoto wanne shuleni hapa. Ameniomba nimwambie kweli kama najua ninachofanya. Nimesema najua. Nilikaribia kurudi nikamweleza habari ya zile siku mbili. Nikaenda kunywa chai.

Jumatano, 11 Novemba
Wageni saa nane mchana. Saa tatu asubuhi Mumbua kaja mezani kwangu, akauliza kwa sauti ya chini: "Bwana Jaafar, hii diski ulikuwa umeiweka wapi?"
Nikamwambia mahali salama. Juu ya spika.
Akafungua kitabu, akaniwekea kidole kwenye mstari: diski isikaribie sumaku, itafutika yote. Na ndani ya kila spika, akasema, mna sumaku.
Nikamsihi asimwambie Kamande. Hakumwambia. Alifungua droo yake tu, akatoa diski nyingine. Alhamisi iliyopita, nilipokwenda kwa kinyozi saa za kazi, alitengeneza nakala, kama kitabu kinavyoagiza. Mashine ikaamka mara moja, majina yote yamo. Kamande akaketi kwenye kiti cha wageni, akajifuta uso kwa leso. Wajerumani wote wamepata vyumba. Mmoja kauliza kwa nini kompyuta inanukia waridi.

Ijumaa, 13 Novemba
Msimamizi wa kompyuta sasa ni Mumbua. Mimi naandika namba kwenye vibao vya funguo. Nimefika cha kumi na nne.
Lakini alasiri Kamande kaniita. Hoteli ya pili ya matajiri wetu, kule Kilifi, imeletewa kompyuta, na aliyependekeza nikaisimamie ni Mumbua mwenyewe. Kamande anasema alisisitiza sana, hata akauliza kama siwezi kuondoka kesho. Nimeguswa. Kumbe muda wote huu aliniheshimu.
Nimeshawapigia simu Kilifi kwamba asiiguse mtu mashine hiyo mpaka nifike. Kitabu chake nimewaambia wakifungie kabatini. Na nakala sitatengeneza hata moja. Nakala ndizo zinazowapa watu kiburi.