Niliomba Bati kwa Sauti

Jumapili, 12 Aprili

Mahubiri ya leo yamenihusu mimi hasa. Mchungaji amesema tunamwomba Mungu kama watu wanaoogopa kusumbua. Tuombe kwa ujasiri, tutaje tunachohitaji. Nimetazama huku na huku: waoga watupu. Mimi hitaji langu liko wazi. Bati limetoboka juu ya kitanda. Mke wangu amehamia kwa dada yake na godoro letu, atarudi siku atakayolala bila ndoo miguuni. Leo ni siku ya tisa. Nimekula mkate mkavu nikiwa nimesimama, na nyumba imekuwa kubwa mno.

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni fundi wa bati. Kumwomba yeye? Thubutu! Mwaka juzi aliniazima ngazi, kisha akaidai mbele ya watu, nikiwa nimevaa tai. Karani Msaidizi Mwandamizi wa Idara ya Maji hadaiwi ngazi hadharani. Sijamsemesha tangu siku hiyo. Ngazi bado ninayo. Naanikia suruali.

Jumatatu, 13 Aprili

Saa kumi na mbili asubuhi nimepiga magoti. Nimetaja vipimo: bati moja la futi kumi, misumari ya kofia robo kilo. Mungu asipate kazi ya kukisia. Nimeelekea ukuta wa fundi, kwa kuwa huko ndiko kwenye nafasi ya magoti. Na kwa sauti, kwa kuwa ujasiri haunong'oni. Kama kuna mtu kasikia, shauri lake.

Jibu: mvua. Nimeongeza karai.

Jumanne, 14 Aprili

Nimeongeza maelezo. Nimemwomba Mungu aguse moyo wa fundi yeyote, hasa anayeishi karibu, hasa mwenye kipara. Ng'ambo ya ukuta mtu akakohoa, akaanza kusali naye. Alimwomba Mungu amkumbushe mtu fulani, jina hakutaja ila tai aliitaja, kwamba fundi hafiki juu ya paa kwa kuruka. Nikamjulisha Mungu kwamba ngazi ilidaiwa kwa ufidhuli. Yeye akamjulisha Mungu kwamba kabla ya hapo aliiomba kwa upole mara nne. Nikamsahihishia Mungu: mara tatu. Mke wa fundi akaitikia amina, sijui ya nani. Kazini nimechelewa.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimekwenda kwa shemeji kumwona mke wangu. Kauliza kama nimeshazungumza na fundi. Nikamwambia tunasikilizana kila asubuhi. Si uongo! Akafurahi, akanimiminia chai, akaniondolea uzi begani kama zamani. Nikaona haya kidogo. Ikapita.

Kisha akasema anarudi Jumamosi. Likimdondokea tone moja tu, ataondoka tena, na safari hii atachukua na kitanda. Mke wangu hana mzaha. Njia nzima nimerudi nikitazama mawingu.

Ijumaa, 17 Aprili

Mpango umeiva. Asubuhi nimeiegemeza ngazi kwenye mlango wa fundi. Sijairudisha, nimeihamisha tu. Nikakimbilia ndani kupiga magoti na kumshukuru Mungu, kwa sauti, kwa miujiza yake ya kuhamisha vitu. Ng'ambo ya ukuta fundi akacheka sana, mkewe akamkanya.

Nimetoka kazini jioni, nyundo inalia juu ya paa langu. Bati jipya! Nikasimama uani mpaka akamaliza. Akashuka, akanikabidhi suruali niliyoisahau kwenye ngazi, ameikunja vizuri kuliko ninavyokunja mimi. Akasema bati lilikuwa limebaki kwenye kazi nyingine, nisijali. Neno la kumwambia lilikuwa moja tu, tena fupi. Nikainua uso juu nikamwambia Mungu asante. Fundi akaitikia amina, akaenda zake. Ngazi ameiacha, Jumatatu atakuja kupaka lami kwenye maungio.

Jumapili, 19 Aprili

Mke wangu karudi jana na godoro. Mvua imenyesha usiku kucha, hakuna tone. Kaniangalia kwa heshima. Nimemweleza ni nguvu ya maombi yangu, hasa vile vipimo.

Leo asubuhi tumesali pamoja, na yeye kaomba kwa ujasiri kweli, nadhani kajifunza kwangu. Kamwomba Mungu amtazame mwanamume mmoja wa mtaa huu mwenye kiburi, ampe moyo wa kugonga mlango wa jirani yake na kusema asante na samahani. Nikaguswa mno. Nikaitikia amina kwa nguvu, fundi aisikie vizuri huko aliko, maana ni yeye anayeombewa.

Baadaye nimeanika suruali mbili. Ngazi bado iko kwangu. Kesho akiiomba kwa adabu, nitafikiria.