Ombi kwa Hajah Rabitah Awe Mpangaji Wangu kwa Siku Mbili

Kutoka: chumba cha nyuma, ghorofa ya tisa, Bedok, Singapuri.
Kwenda: chumba cha mbele, ghorofa hiyo hiyo.
Alhamisi, baada ya Alasiri.

Waheshimiwa wenye nyumba wangu, Hajah Rabitah na Haji Yasman,

Assalamu alaikum. Anayewaandikia ni mtu ambaye bila yeye hakuna tajiri hata mmoja wa yale majengo matatu ya vioo kule kilimani angeweza kulala kwake. Natumaini barua hii, ikishapenya chini ya mlango wenu, itawakuta wazima na miwani ikiwa karibu.

Mimi, Deraman bin Soh wa Kelantan, ng'ambo ya mpaka, ndiye ninayeinua na kushusha kile chuma cha getini. Siku moja mkurugenzi wa benki nzima alikaa ndani ya gari lake akinibembeleza kwa mikono miwili, kwa sababu nilikuwa napiga chafya na chafya zangu huwa siziharakishi. Kazi hii sikuiomba kwa magoti kama wengine. Siku ya usaili mbwa wa meneja alinitazama, nami nikamtazama, akainuka taratibu akaenda kujilaza nyuma ya kabati, na tangu hapo nafasi yake nimeishika mimi. Kisomo changu pia mnakijua: darasa la sita nililisoma mara mbili, bahati ambayo wenzangu wengi hawakuipata. Siyasemi haya kwa kujisifu. Nataka tu mjue malalamiko haya yanatoka kwa mtu wa namna gani, maana ni mazito na yanawahusu nyinyi.

Kwa ufupi: keshokutwa Jumamosi mke wangu Jarah anaingia mji huu kuja kukagua nyumba yangu. Nyumba yangu ni hii. Ndiyo, hii hii mnayolala. Jinsi ilivyogeuka kuwa yangu ni makosa yenu, na nitayataja kwa namba ili Haji asipotee njiani.

1. Idi. Mimi nilikuwa najiendea chumbani na sahani yangu kwa adabu zote. Wewe, Hajah, ukasema ni aibu mgeni kula peke yake chumba cha nyuma siku ya Idi. Mkaniketisha kwenye kiti cha mahameli, kile cha katikati, ambacho hata Haji hukikalia kwa ruhusa. Wewe ukasimama kulia kwangu na sinia la vitumbua, Haji akasimama kushoto na birika, kwa kuwa ndiyo kwanza alikuwa anataka kunimiminia. Hapo hapo mjukuu wenu akapiga picha. Nawauliza mbele ya Mungu, nani ataitazama picha ile asione bwana mkubwa na watumishi wake wawili? Nikaituma nyumbani bila kuandika neno. Kabla ya Magharibi kijiji kizima kilishajua kuwa Deraman amenunua nyumba Singapuri na ameajiri wazee. Mlitaka nibishane na kijiji kizima siku ya Idi, siku ya kusameheana?

2. Simu. Jarah alipiga nikiwa bafuni, nawe ukaipokea kwa ile sauti yako ya marashi: “Bwana Deraman anaoga, nimwambie nani kapiga?” Hajah, kwetu anayekuita Bwana ni mtu unayemlipa wewe. Mke wangu kwa hofu akakuuliza wewe ni nani, nawe, kwa unyenyekevu ule ule unaoniponza, ukajibu kwamba ni wa hapa hapa nyumbani. Ungesema tu “mwenye nyumba” ungepungukiwa nini? Alipokata simu alikuwa tayari anawaza mshahara wako, na akanipigia baadaye kuniasa nisikucheleweshee.

3. Kodi. Hapa sitawaonea, kwa sababu mji wenyewe nao una lawama. Nilipofika nilitafuta pa kulala mpaka viatu vikatoa ulimi nje. Mmoja alinionyesha kitanda kwenye ujia, kichwa upande wa choo na miguu upande wa jiko. Mwingine alinifungulia kabati, akaniambia hicho ni chumba cha mtu mmoja mwembamba, akanipima kwa macho akafunga tena. Nyinyi ndio mlionipa chumba chenye dirisha. Basi nikamwambia Jarah ukweli mtupu, kwa kuwa mimi si mwongo, kiasi ninacholipa kwa mwezi. Naye akamwambia dada yangu mkubwa, dada akamwambia imamu, wakakaa barazani wakapiga hesabu. Wakaona kwa fedha hiyo kwetu mtu anachukua nyumba yenye uwanja, kisima na nyati wawili wa kulimia. Ndipo wakakata shauri kwamba fedha kama hizo haziwezi kuwa kodi ya chumba, hakuna mwendawazimu wa hivyo, lazima Deraman ananunua nyumba kidogo kidogo. Uamuzi ulipitishwa na watu wazima. Mimi kwenye kikao sikuwepo.

4. (Namba hii nimeifuta. Nilikuwa na njaa, na ilihusu rafu yangu ya friji.)

5. Msafara. Mwanzoni alikuwa aje Jarah peke yake. Dada yangu akasema mwanamke hawezi kuvuka mpaka peke yake kwenda kwenye nyumba kubwa, atapotea ndani. Imamu akasema nyumba mpya isiyosomewa dua ni hatari. Sasa wamekodi gari dogo, na kila aliyesikia kuna nafasi amekumbuka kuwa ni ndugu yangu. Mpwa wangu Syukri ameacha kazi kwa fundi matairi na amenunua godoro, eti kwa sababu niliwahi kumwambia kuwa kati ya vyumba vyangu kuna kimoja ambacho ukikohoa kinakujibu. Nilisema hivyo kwa mazungumzo tu. Kijana wa siku hizi ukimpa mazungumzo anaenda kununua godoro.

Kwa hiyo mambo yameshanitoka mkononi. Wakinikuta chumba cha nyuma, sare ya ulinzi inaning'inia dirishani na mkono mmoja ukigusa ukuta huu na wa pili ukuta ule, nimekwisha. Pale kahawani kwetu mimi nikianza kusema watu huacha vikombe hewani. Nikiaibika, kahawa wataendelea kuniuzia, lakini kusikilizwa, basi. Na Jarah atanitazama kama alivyonitazama mwaka ule nilipouza mashine ya kushonea ili ninunue jogoo wa mashindano, na sina nguvu ya kutazamwa hivyo mara ya pili.

Ombi langu basi ni dogo mno. Kuanzia Jumamosi asubuhi hadi Jumapili usiku, nyinyi muwe wapangaji wangu.

Mtalala chumba hiki cha nyuma. Ni kizuri, nakifahamu. Haji akitaka kukalia kiti cha mahameli akohoe kwanza, nami nitamwambia, “Kaa mzee, kaa, hapa ni kwako.” Hajah atapika anachotaka kama kawaida, ila aje mlangoni kuniuliza tupike nini, nami nitataja kile kile alichokwisha kukibandika jikoni. Picha ya harusi yenu igeuzwe ukutani. Ile ya Haji na basi alilokuwa akiendesha ibaki, nitasema napenda mabasi. Na ili mambo yaonekane ya kweli, mlalamike kidogo kuhusu kodi. Nitawapunguzia mbele ya imamu. Haji akiweza kutoa machozi hapo nitashukuru, lakini asizidishe, namjua.

Kwa upande wangu, nitaacha kuimba bafuni mpaka mwezi uishe. Na siku yoyote mtakayopita kule kilimani, hata kwa miguu, nitawainulia chuma mpaka juu kabisa.

Mkikataa, nitalazimika kwa masikitiko makubwa kuhama, na nikirudi kwenye kile kitanda cha ujiani, lawama ya shingo yangu itakuwa yenu.

Msalimieni mjukuu mpiga picha na mwambieni kipaji chake kimeniponza. Wasalimieni pia majirani wa kwenye lifti, yule muuza uji wa samaki chini, na paka wa ghorofa ya pili, ingawa ananidharau.

Nawapeni mkono wa heshima,
mwenye nyumba wenu mtarajiwa (Jumamosi na Jumapili tu),

Deraman bin Soh

Nyongeza, Ijumaa baada ya sala.

Barua hii bado iko mfukoni kwangu, na Jarah ameshafika. Peke yake. Msafara ameuvunja mwenyewe: amemwambia imamu kuwa nyumba yangu inapakwa rangi na harufu yake itamdhuru kifua, na Syukri amemrudisha kwenye matairi na godoro lake. Sasa yuko jikoni na wewe Hajah, nami nimejifungia humu. Kuta hizi mnazijua, nasikia kila kitu.

Nimekusikia ukimuuliza alianza kujua lini. Akasema tangu picha ya Idi. “Dada, mume wangu kwenye kiti chake mwenyewe hakai, anamwagika. Pale kakaa ukingoni, magoti kayabana, kama anangoja kuitwa na daktari. Nikajua hapo ni kwa watu.” Haji kacheka mpaka kapaliwa. Kisha Jarah akauliza kama ninakula vizuri, nawe ukamjibu kuwa nakula, ila siku hizi nakula nimesimama. Halafu nikasikia hatua za Jarah hadi mlangoni hapa.

“Baba Fauzan, toka humo. Nimebeba mchuzi wako wa samaki, budu, chupa mbili, na dada amesema jikoni kwake tuipike, madirisha atafungua.”

Kwa hiyo barua haina kazi tena. Hata hivyo nitawapa, kwa sababu nimeiandika kwa kalamu nzuri na Haji atafurahia namba tatu.

Limebaki jambo moja dogo, na Syukri asilisikie. Niliandika juu kwamba mke wangu anakuja kukagua. Hakuwa na haja ya kukagua chochote. Mimi ndiye niliyempigia simu, nikamwambia chumba ni kizuri na dirisha lipo, ila hakuna wa kunigombeza, kisha nikalia simu ikiwa bado wazi, mpaka akasema basi, basi, nakuja.

Natoka sasa hivi. Nangoja tu macho yaache wekundu.