Vita Vilivyokosa Sufuria

Serikali ilitangaza, kwa furaha isiyofichika, kwamba nchi imeingia vitani. Jina la adui lingetolewa kwa wakati ufaao, taratibu zote zikikamilika. Kwa sasa wananchi waliombwa wawe watulivu, wapeperushe bendera, na wasianze kumchukia mtu yeyote kabla ya tangazo rasmi.

Kisiwani Mombasa hakuna aliyelipokea tangazo hilo kwa moyo mkunjufu kama Bwana Joab, kwa kuwa siku hiyohiyo aliteuliwa Mratibu Mkuu wa Uhamasishaji wa Kisiwa. Joab alikuwa mtu wa bara, aliyeshuka pwani akiwa kijana kufanya kazi katika ofisi za reli, na muda wote huo alikuwa akilingoja taifa litambue kipaji chake. Kipaji chenyewe kilikuwa kupanga watu katika visanduku. Mpe karatasi na rula, atakuchorea ni nani aliye juu ya nani, na nani amwamkie nani asubuhi. Kwake, katika vyumba vya kubanana vya mtaa wa Buxton, alikuwa amechora hata muundo wa jikoni, mkewe Zilpah akautumia kufunikia maziwa.

Mwenyekiti wa Baraza la Vita la Kisiwa alikuwa Mheshimiwa Bramwel wa Kizingo, mtaa wa wakubwa. Alimwita Joab barazani kwake, chini ya feni, akamwonyesha nyumba ya jirani yenye bustani na geti jeusi.

"Nijazie jeshi, Joab, nami nitakutoa Buxton. Nyumba ile ya serikali inakaa bure tu, inaharibika kwa kukosa mtu kama wewe."

Joab aliitazama ile nyumba, akamwona mawazoni Zilpah amekaa pale nje na kikombe chake cha chai. Alikwenda akachora usiku na mchana. Ukawa mchoro wa kupendeza. Palikuwa na Kurugenzi ya Mbele, Kurugenzi ya Nyuma, na Kitengo cha Kurudi Nyuma kwa Heshima. Visanduku vya majenerali vilijaa jioni ya kwanza, palepale kwa Mheshimiwa, maana majirani wa Kizingo walipita kusalimia, na si adabu mtu aje kusalimia aondoke mikono mitupu. Wote walipewa nishani za ushujaa, za mapema, kwa ushujaa utakaofuata.

Kilibaki kisanduku kimoja tu, chini kabisa, kimeandikwa "Askari". Hicho kilikuwa kitupu. Joab aliwaeleza majenerali kwamba hilo ni jambo dogo la utekelezaji, nao wakakubali kwamba ni dogo sana.

Amri ikatolewa kwamba kila kijana wa kiume wa kisiwa ajiandae kuitwa. Hapo ndipo ilipogunduliwa kwamba Morris, mwana wa pekee wa Mheshimiwa Bramwel, naye alikuwa kijana, wa kiume, na wa kisiwa.

"Sheria ni msumeno," Mheshimiwa alisema, akijifuta jasho. "Lakini msumeno una mpini, Joab. Aliyeshika mpini hukatwaje? Morris anamwoa Emmah, binti wa mchungaji. Nitafutie njia ya heshima. Ya kitamaduni, hivi."

Kwa hiyo Joab alishuka Kibokoni kwa Mzee Abdulkadir, ambaye watu wa Mji wa Kale walimwendea kwa kila jambo la mila. Alimkuta barazani kwake. Wakaulizana hali, za nyumbani, za wazee, za watoto, za jua, za kazi, wakarudi tena kwa hali, mpaka kahawa ikaletwa na Joab akaruhusiwa kusema lililomleta.

"Mzee, serikali inauliza. Kwa mila za hapa, bwana harusi anaweza kuitwa vitani?"

Mzee Abdulkadir alimtazama kwa huruma. "Bwana, mtu akishaoa huingia fungateni. Siku saba yuko kwa kina mkewe, hatoi mguu nje. Yuwaletewa chakula, yuwaletewa maji ya kuoga, yuwatunzwa kama yai. Hata mamake mzazi hamwiti. Sasa hini serikali yenu yamwita kama nani?"

"Na wale wanaoshughulika na harusi?"

"Hao ndio wana kazi kumshinda yeye."

Joab alirudi ofisini mbio. Kifungu kikaandikwa: bwana harusi, pamoja na kila mtu aliye katika shughuli yake, hataitwa vitani mpaka shughuli iishe. Na kwa kuwa Joab hakuwa mtu wa kuchezewa, alijua wako waongo watakaojidai wana harusi, akaongeza kinga kwa mkono wake mwenyewe: shughuli itahesabiwa kuwa shughuli pale tu hema litakapokuwa limesimama na sufuria kubwa la pilau limetelekwa motoni. Majenerali wote walitia sahihi. Mheshimiwa Bramwel alikisoma kifungu mara mbili, akatabasamu. Kijana mmoja alikuwa ameokolewa kisheria, na hakuna aliyetajwa jina.

Joab akazunguka kisiwa kizima na gari la vipaza sauti, akiwatangazia wananchi wajibu wao na kile kifungu, maana haki ya mwananchi ni kujua.

Wananchi wakajua.

Ziad, mjukuu wa Mzee Abdulkadir, alikuwa amemchumbia binti aitwaye Jana tangu zamani, na harusi ilikuwa imekwama kwa sababu shangazi wa upande huu na shangazi wa upande ule hawakukubaliana nani atangulie kuingia na sinia. Shangazi hao walipatana alasiri moja. Ijumaa Ziad akaoa. Mtaa wa pili binamu yake naye akaoa, na binamu wa binamu akakumbuka kwamba hata yeye alikuwa na neno na binti wa watu. Vichochoro vya Kibokoni ni vyembamba, havina nafasi ya nguzo, basi mahema yakafungwa kamba dirisha kwa dirisha, ukawa unatembea mtaa mzima hujaliona jua.

Watu wa bara hawakubaki nyuma. Pale Buxton, Nekesa, jirani wa Joab, mama wa wavulana watatu, aliitisha kamati ya harusi ya mwanawe mkubwa kabla sauti ya gari la serikali haijapotea masikioni. Kamati ikapata mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kisha kamati ndogo ya keki, kamati ndogo ya usafiri, na kamati ndogo ya kuzisimamia kamati ndogo. Wavulana wote wa ghorofa ile wakawa wajumbe. Joab alipita, akasimama, machozi yakamlengalenga kwa wivu. Hajawahi kuona watu waliojipanga namna ile. Chakula kilijua pa kwenda, ujumbe ulifika kabla ya kutumwa, na kila mtu alijua bosi wake ni nani, na bosi huyo alikuwa Nekesa.

"Laiti lingekuwa jeshi," alimwambia mkewe.

"Baba Awino," Zilpah alimjibu, akimenya vitunguu vya kamati ya chakula, "hili ndilo jeshi. Ila limekataa kwenda kwenu."

Kisanduku cha chini kikabaki kitupu. Makao makuu wakapiga simu: malori ya kulichukua jeshi la kisiwa yatafika Jumamosi asubuhi. Mheshimiwa Bramwel hakushtuka. Harusi ya mwanawe itaanza Ijumaa, basi, na hema lisimame mapema. Harusi ya mkubwa haipangwi kama za watu wengine. Huagizwa, kama chai.

Safari hii chai haikuja. Hapakuwa na hema Likoni, wala Nyali, wala Mtwapa. Masufuria makubwa ya pwani nzima yalikuwa motoni. Mheshimiwa akataka kile kipengele cha sufuria kifutwe, lakini kukifuta kulihitaji sahihi za majenerali, na majenerali nao walikuwa wakiwaoza wana wao chini ya kipengele hichohicho. Walisema, kwa masikitiko makubwa, kwamba sheria ni sheria.

"Nenda kwa yule mpishi wa Kibokoni," Mheshimiwa alimwamuru Joab, na sasa sauti yake haikuwa na ubaridi wa ile feni. "Mwenye masufuria mengi. Chukua moja kwa mamlaka ya vita. Ukirudi bila sufuria, nyumba isahau."

Joab alikodi mkokoteni, akausukuma mwenyewe mpaka kwa Bi Mona, kwani wasukumaji wote walikuwa kwenye shughuli. Bi Mona ndiye aliyekuwa akipikia harusi za Mji wa Kale, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na ua wake siku hiyo ulikuwa moshi mtupu. Mafiga yalipangwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu ya kila mafiga sufuria, na kando ya kila sufuria kijana wa watu anakoroga kama aliyeshikiwa bunduki.

"Karibu, bwana. Wataka pilau?"

"Nataka sufuria, Bi Mona. Kwa mamlaka ya vita." Akatoa kikohozi cha kiserikali. "Ni la harusi ya Morris, mwana wa Mheshimiwa."

Bi Mona hakugombana. Alipangusa mikono kwa kanga, akamwashiria ua mzima.

"Twaa. Masufuria ni haya. Hili la Ziad, bado yu fungateni. Lile la mwana wa fundi cherehani, babake amefariki juzi tu. Lile kule la kijana wa kina Taib, mamake haoni, yeye ndiye macho yake. Nikitelekua moja, mwenyewe yuwaenda vitani, si ndivyo mulivyoandika? Basi chagua wewe, mwana wa nani atoke ili mwana wa Mheshimiwa aingie."

Joab alifungua mwongozo. Mwongozo ulieleza namna ya kutwaa magari, mashua, mifugo na nyumba za ghorofa. Haukusema lolote kuhusu namna ya kuchagua. Alilitazama sufuria la kwanza, akamtazama kijana aliyelikoroga. Alilitazama la pili. Kwa mara ya kwanza tangu vita vianze aliona haya, haya za kweli, zikampanda mpaka masikioni. Muda wote ule alikuwa amekiona kile kisanduku cha chini kama nafasi tupu kwenye karatasi.

"Bi Mona," alisema mwisho, "naomba sahani ya pilau tu."

Alikula amesimama, akarudisha mkokoteni.

Jumamosi malori yalifika uwanja wa Makadara. Majenerali walijipanga kwa safu, vifua vinang'aa. Watu wa Mji wa Kale na wa Buxton nao walikuja kutazama, wanawake wengi wakiwa bado na mwiko mkononi, kwa sababu hakuna aliyetaka kulikosa tamasha hilo. Joab alisimama mbele na kipaza sauti. Angeweza kusingizia homa. Lakini alikuwa amelichora jeshi hili kwa mkono wake, na kwa sheria yake mwenyewe, kisiwa kizima kilikuwa na kijana mmoja tu asiye na hema wala sufuria.

"Morris Bramwel!"

"Niko," alijibu Morris. Alikuwa amevaa suti ya harusi, kwa matumaini. Alikuwa kijana mpole, hana ubaya na mtu.

"Jeshi, mguu sawa!" Joab alipaza sauti, na jeshi likaweka mguu sawa. "Jeshi, pandeni lori!"

Jeshi likapanda. Halafu likapanda jambo lisilokuwa kwenye mchoro. Mama Truphosa, mke wa Mheshimiwa, alivua viatu vyake vya kisigino, akampa dereva mkoba amshikie, akakwea lori la pili na gauni lake la kanisani na kwenda kuketi mahali mwanawe asingeweza kupita bila kumkanyaga.

"Mama Morris, shuka," Mheshimiwa Bramwel alimsihi kwa sauti ya chini. "Hilo si hata lori lake. Watu wanatazama."

Truphosa alitazama, akaona kweli, akashuka akahamia lori la mwanawe. "Na watazame! Akienda huyu, naenda naye. Umetusumbua nyumbani na vita ni heshima, vita ni heshima. Haya, heshima yenyewe ndiyo hii, panda! Na hawa majenerali wako wapande. Dereva, nafasi ipo?"

"Nafasi ni tele, mama," alisema Katana, dereva, mkoba ukining'inia mkononi mwake. "Nimekuja na malori manane."

Majenerali walianza kuchunguza nishani zao. Mmoja alikumbuka kwamba shughuli ya mwanawe haijaisha, akaaga. Injini ya lori ikawashwa. Truphosa akamshika Morris mkono kwa mikono yake yote miwili, akaanza kulia, si kilio cha kuonyesha watu. Mheshimiwa Bramwel alimwangalia mwanawe juu ya lori, akajitenga pembeni na simu sikioni. Alizungumza kwa muda, akiinama, kama mtu anayeomba mkopo kwa shemeji.

Aliporudi, alimnyang'anya Joab kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Nimeongea na makao makuu. Vita vimesitishwa leo hii, nchi nzima, kwa sababu za kibinadamu." Akalitazama tena lile lori. "Vita si mchezo, jamani. Tusidanganyane. Hawa vijana wana wazazi wao."

 Alingoja makofi, hayakuja. Kisha Bi Mona, aliyekuwa mbele na mwiko wake begani, alimuuliza kwa upole, kama mtu anavyomuuliza mgeni aliyechelewa kufika:

"Ndio leo umejua, baba?"

Kilianza kicheko cha mtu mmoja, kikashika uwanja mzima. Mheshimiwa Bramwel aligeuka kumtafuta aliyeanza, akakutana uso kwa uso na Mratibu Mkuu wa Uhamasishaji wa Kisiwa, mkono mdomoni, mabega yanatikisika. Joab alijitahidi sana kukizuia. Kilimshinda, naye akacheka mpaka machozi, huku akiiona ile nyumba yenye geti jeusi ikienda zake.