Koti la Njano na Kwale wa Shemeji

Jumanne, 5 Machi
Nimemkosea shemeji yangu. Naandika haraka kabla sijapata sababu ya kujitetea. Miezi miwili, kila alfajiri, kaka wa mke wangu anavaa koti lake la mvua la njano, anakwenda nje ya mji kuwamwagia mtama kwale wa porini. Wale wenye shingo nyekundu kama pilipili. Wamemzoea yeye na koti lake. Akitokea mtu mwingine, puruu! Hawapo. Sasa wachapaji wa kalenda wanataka picha ya kwale atakayoipiga yeye, ifike Jumatatu. Yake! Mwalimu mstaafu! Na mimi mwenye studio, miaka ishirini napiga picha za vitambulisho? Nimeiba koti. Liko chini ya kitanda.

Jumatano, 6 Machi
Shemeji kaja kuulizia koti. Mke wangu kasema labda kalichukua mtu asiye na haya. Alikuwa ananitazama mimi. Nikasaidia kutafuta. Nilitafuta kwa bidii mpaka shemeji akanishukuru, akasema ndugu wa kweli huonekana kwenye shida. Dhambi juu ya dhambi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimevaa koti. Nimefika kabla ya jua. Wamekuja! Sita! Hatua tatu tu kutoka magotini kwangu. Dume mmoja kapanda jiwe, kanitazama. Hapo mazoea yakaniponza. Mdomo ukafunguka wenyewe, kwa sauti ya studio: inua kidevu, tazama hapa, usipepese. Na taa kubwa nikaiwasha. Mwanga kama radi! Nilichopata: mkia mmoja, vumbi, na kidole changu mwenyewe.

Ijumaa, 8 Machi
Nimerudisha koti. Nimesema lilikuwa nyuma ya kochi. Shemeji kafurahi kama mtoto, kaenda mbio porini. Karudi mnyonge. Kwale wakiliona koti tu wanatimka kana kwamba wameona mwewe. Hajui kawakosea nini. Akamuuliza mke wangu, eti mdogo wangu, ndege nao huwa wanamchukia mtu? Nikatoka uani.

Jumamosi, 9 Machi
Mke wangu kanibana jikoni. Nimekiri yote. Kasema hata kwale wana akili kunishinda, na nikamweleze kaka yake mwenyewe, kwa mdomo huu huu. Kweli kabisa. Ujanja mwingi mbele giza. Sidanganyi mtu tena, basi!

Kesho Jumapili, kabla ya saa nne asubuhi, nitamwambia shemeji kila kitu, dada yake akisikia. Ila kwanza apate picha yake, maskini. Nimepata jogoo mdogo wa jirani, mpole, shingo nimeshaipaka rangi nyekundu. Alfajiri nitamfunga kichakani. Shemeji apige, aamini kwale wamemsamehe. Jirani bado hajajua. Yeye nitamwomba radhi Jumatatu.